Kunyamaza kwa Agizo la Masere

Kama unataka kunikasirisha, niambie nitulie. Neno hilo sijawahi kulivumilia, tangu utoto wangu mpaka leo nina mvi. Basi fikiria hali yangu siku ile, mwanaume mzima, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya Bukavu, nimekaa kwenye benchi la dispansere mkono umefungwa kitambaa cha kupimia tansio, yaani presha ya damu, na mtawa mfupi wa Kizungu ananiambia kwamba dawa yangu ya kwanza ni kutulia.

Watawa wauguzi tuliwaita masere. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nchi za Asia kabla ya kuletwa kwetu, na Kiswahili alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo maneno ya tumbo na kikohozi aliyajua vizuri sana, ila maneno ya adabu yalimpita pembeni. Aliminya mpira, akatazama kipimo, akaminya tena, kisha akaniuliza baba yangu alikufa na nini. Nikamweleza. Baba alikuwa amesimama uani kwetu Kalehe akimfokea mchunga kwa sababu ng'ombe ameingia kwenye maharagwe. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanguka, na hakuamka tena. Masere akauliza alikuwa na umri gani. Nikapiga hesabu kichwani, ndiyo kazi yangu, nikakuta ni umri wangu.

"Wewe iko kwenye njia ya baba yako," akasema, huku akinifungua kitambaa.

Vidonge alivyonipa vilikuwa vichache, na alisema wazi kwamba mwezi ujao huenda visiwepo, maana siku zile dawa zilifika Bukavu zilipotaka zenyewe. Chumvi akaipiga marufuku: sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, sambaza, dagaa wa ziwa letu, bila chumvi, maisha bila chumvi. Halafu likaja hilo la kukaa. Asubuhi na jioni niketi chini, mgongo wima, macho nimeyafumba, nifuate pumzi inavyoingia puani na inavyotoka. Wazo likija, nisigombane nalo, niliache lipite. Nikamuuliza kama hiyo ni sala. Akasema hapana, sala zangu anazijua, ananisikia kila Jumapili kanisani, na hata Mungu namsemesha kama mwanafunzi aliyechelewa. Huko Asia aliona watu wengi wakikaa hivyo, na wengine tansio yao ilishuka. Si wote, alisema, lakini pumzi haiishi kwenye duka la dawa.

Nilitoka pale nimefura. Lakini niliogopa pia, niseme ukweli. Watoto wangu walikuwa wadogo, na kila nilipopanda mlima wa mtaa wetu wa Kadutu kurudi nyumbani kisogo kilikuwa kinagonga na masikio yanapiga filimbi. Sikutaka kufa uani nikifokea ng'ombe. Nikaamua nitafanya, ila mtu asijue. Wenzangu shuleni wakisikia kwamba masere ananifundisha kupumua, ningeitwa mwalimu wa pumzi mpaka pensheni. Nikamwambia mke wangu peke yake, nikamwagiza: yeyote atakayeuliza, ajibiwe tu kwamba niachwe. Mke wangu akasema hilo si wazo zuri, kwa sababu Kadutu ukikataa kueleza jambo lako, watu watalieleza kwa niaba yako. Nikamwambia asinifundishe kazi. Basi.

Sasa nawauliza: mtu angenyamazia wapi? Zaire ile haikuwa nchi ya kunyamaza. Asubuhi shuleni, kabla ya somo la kwanza, tulisimama mbele ya bendera tukafanya animasyo, yaani kuimba na kucheza kwa ajili ya chama, walimu tumevaa abakosti zetu, zile suti zisizo na tai, tunapiga makofi kama bibi harusi anaingia. Jumamosi ilikuwa salongo, kulima barabara kwa pamoja na kwa nyimbo. Jirani mmoja alikuwa na gramafoni na sahani chache tu za rumba, akazirudia mpaka mbuzi wake walizijua. Na aliyekaa kimya peke yake alitiliwa shaka. Huyu anafikiri nini? Anamfikiria nani? Hata kanisani padri akinyamaza kidogo tulidhani amesahau.

Nilianza kwenye kiti changu sebuleni. Nikalala usingizi, nikaamka mtoto ameniwekea kofia ya karatasi. Nikahamia uani nyuma ya nyumba, nikatandika mkeka kando ya ukuta. Hapo niliweza. Likizo kubwa ilikuwa imeanza, kwa hiyo sikuwa nimenyoa ndevu. Nilivua viatu kwa sababu miguu ilikuwa inaumia kuikunja, nikabaki na singlendi ya zamani, kichwa nimekiinamisha kidogo. Naomba muiweke picha hiyo vizuri akilini, kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Kwetu, mwanaume mwenye jina haketi chini. Mgeni akija hata uani, kiti kinatafutwa, na kama hakuna kinaazimwa. Mwanaume aliyeketi ardhini, pekupeku, hajanyoa, kichwa chini, tena haitikii salamu, ana sababu moja tu: yuko kwenye kilio, amefiwa. Mimi hilo nilikuwa nalijua, nilizaliwa nalo. Lakini mtu anayeshughulika na pua yake hajioni kwa nje.

Na Kadutu, jamani, imejengwa kwenye mteremko, kiasi kwamba jirani wa juu anaweza kuhesabu viazi ndani ya sufuria yako. Wa kwetu alikuwa mama mmoja muuza mawese katika soko la Nyawera, mwenye moyo mwema na macho makali. Asubuhi moja aliniona, akanisalimu kutoka juu. Nilikuwa katikati ya pumzi, sikuitika. Akasalimu tena. Nikasema moyoni, wazo hili liache lipite. Mara ya tatu akauliza kama kuna amani, na mimi kimya, najisifu jinsi ninavyoweza. Akashuka mpaka kwenye ua wa miti kumuuliza mke wangu. Mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa akatii agizo langu neno kwa neno, akasema, "Mumuache tu, maman. Mumuache." Tena alikuwa anakata vitunguu, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

Mama wa mawese akaweka mikono kichwani, akaondoka bila kuaga.

Kinachoniudhi zaidi ya yote ni kwamba kile kitu kilifanya kazi. Ningependa kusema masere alikuwa anatudanganya, lakini siwezi. Siku za kwanza nilipambana na mawazo kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga. Baadaye nikagundua kwamba nimekuwa nikiuma meno miaka yote, mchana kutwa, hata nikiwa peke yangu. Nikagundua mabega yangu yanakaa karibu na masikio, nikayashusha, yakapanda, nikayashusha tena. Kisogo kikaanza kupunguza kugonga. Nikalala usingizi wa kueleweka. Siku moja wali uliungua na mimi nikaula, na mke wangu akanitazama kwa wasiwasi.

Sasa jioni moja nimeketi hapo, nikasikia mtu anavua viatu. Nikafungua jicho moja. Ni katekista mzee wa mtaa wetu. Akaketi kando yangu kwenye mkeka bila neno, akashusha pumzi ndefu. Nikafikiri, kumbe huyu naye ana tansio, masere kamtuma. Nikafumba jicho. Baada ya kitambo nikasikia mzigo wa kuni unatuliwa. Halafu wanawake, sauti za chini, vitenge vinavyosuguana. Mtu akaanza rozari polepole. Masere alikuwa amenionya nisigombane na kelele, basi sikugombana nazo. Nilikuwa mpumbavu mtiifu.

Nilipofungua macho, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Kulikuwa na kuni, za moto wa wanaume watakaokesha. Kulikuwa na maharagwe, unga wa muhogo na mkungu mzima wa ndizi. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni. Katekista akaniwekea mkono begani.

"Jikaze, mwalimu," akasema. "Maman yako alikuwa mutu wa Mungu."

Nikauliza mama gani. Wakatazamana kwa huruma. Nikauliza tena, sasa kwa sauti yangu ya darasani. Ndipo nikaelezwa. Waliniona nimekaa kilio. Baba yangu walijua alikufa zamani. Mke wangu walikuwa wanamwona, watoto wote walikuwa wanakimbia barabarani. Waliondoa mmoja mmoja mpaka akabaki mama yangu wa Kalehe. Kama mwalimu wa hesabu sina la kuwalaumu, walitoa vizuri.

Pumzi zote nilizokuwa nimeweka akiba zikaisha hapo hapo. Nilifoka. Nilisema hakuna aliyekufa, mama yangu mzima, anaitwa nani aliyesema amekufa, nani alileta hizi kuni. Na kadiri nilivyofoka ndivyo walivyozidi kunihurumia. Mwanamke mmoja akamwambia mke wangu kwamba hata shemeji yake alikataa hivyo hivyo, alikataa mpaka alipoona sanduku. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango, amefunika uso kwa kitenge, nao wakaanza kumpepea wakidhani analia. Alikuwa anacheka, Mungu amsamehe. Mwisho ikabidi nieleze habari ya tansio, masere na pumzi, mbele ya mtaa mzima, jambo lile lile nililolificha. Katekista akatikisa kichwa. Akasema kuketi chini bila kufiwa ni kumwita aliye mbali.

Na vitu hawakukubali kurudi navyo. Kuni za kilio hazirudishwi nyumbani, ni kujipelekea msiba. Basi zikawashwa, maharagwe yakapikwa, ndizi zikachomwa, watu wakala kwangu mpaka wakashiba, na kila kitu kilitiwa chumvi. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha mikono, nimevaa viatu, kisogo kinagonga upya.

Nilidhani yameisha. Aka! Hayakuisha. Tulikuwa na kitu tulichokiita radio trotwari, uvumi wa barabarani, nayo haikuhitaji umeme. Mama wa mawese alikuwa amekwisha kusema sokoni Nyawera, na karibu na soko ndipo malori ya kwenda Kalehe yalipopakia. Habari ikapanda lori pamoja na wachuuzi. Lakini ilipofika Kalehe ikakuta mama yangu yuko hai, anapalilia. Mtu mwenye akili angesema basi ni uongo. Wao wakasema: kwa mwalimu kuna kilio, huyu mama ndiye huyu hapa, kwa hiyo aliyekufa ni mwalimu.

Alasiri niliyokuja kuijua hiyo hesabu yao, nilikuwa kwenye mkeka. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa shati safi na soksi, ili majirani waone ni afya tu. Pumzi ilikuwa inakwenda vizuri. Nikasikia kilio kinapanda mlima kutoka barabarani, sauti ya mwanamke mmoja na nyingine zinazomwitikia. Nikasema moyoni, maskini, leo ni nani. Kisha nikaitambua ile sauti.

"Yooo, mutoto wangu! Ulinitangulia ju ya nini?"

Sijui kama yupo msomaji aliyewahi kumsikia mama yake akimlilia kama maiti. Sitamani alisikie. Sauti ilikuwa inakuja karibu, inaniita kwa jina langu la utoto, inamuuliza Mungu kwa nini hakumchukua yeye mkongwe. Nilitaka kusimama nikimbie kumlaki, na miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa sababu ya kukunjwa. Niliburuza matako kwenye mkeka kama mtoto anayejifunza kutambaa. Hivyo ndivyo alivyonikuta alipopinda kona ya nyumba, wanawake wawili wamemshika makwapa.

Akanyamaza. Akanitazama soksi, shati, uso. Kisha akajitoa mikononi mwa wale wanawake, akanipiga na kikapu chake mgongoni, akanipiga tena, na alipochoka akaketi chini akaanza kunishika masikio, shingo, vidole, kimoja kimoja, kama unavyomkagua mtoto aliyeanguka.

"Unakufa ama haukufe?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Nikamweleza yote, na yeye hakunikatiza. Nilipofika kwenye neno la masere, kwamba niko kwenye njia ya baba, aliinua macho. Alikuwa anahema kwa sababu ya ule mlima. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akafumba macho, akakaa hivyo. Nikamuuliza kichwa kina nini, akasema ni jua la kwenye lori.

Kesho yake nikampeleka dispansere kwa nguvu. Masere alinipima mimi kwanza. Tansio yangu ilikuwa imeshuka kidogo, pamoja na kilio chote na chumvi yote ile. Masere akafurahi, mimi nikakasirika, maana sikuona ilishukia wapi. Halafu akamfunga mama kitambaa. Akaminya, akatazama. Akahamia mkono wa pili, akaminya tena, polepole zaidi. Alipoinua macho alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Huyu iko juu kuliko wewe," akasema. "Juu sana."

Akamuuliza mama kichwa kinamuuma tangu lini. Mama akajibu kwamba kinamuuma tangu aolewe. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka, hakuwa anatania. Mimi nikampandia juu pale pale, nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema, miaka yote hiyo, mimi mwanawe niko mjini penye dispansere na madaktari. Masere akaninyooshea kidole ninyamaze. Mama akaniuliza ni nani aliyekuwa amemuuliza.

Masere akampa nusu ya vidonge alivyobaki navyo, akaniagiza nimfundishe mama ile ya kukaa. Njiani nilikuwa nahesabu kila hatua yake mlimani kwa hofu. Nilikuwa nimehangaika muda wote huo nisianguke mimi, na wa kuanguka alikuwa anatembea nyuma yangu na kikapu kichwani.

Jioni nikatandika mkeka. Mama akaketi vizuri kuliko mimi, miguu imenyooka mbele, mgongo haukuhitaji ukuta. Nikamwambia afumbe macho, anyamaze, afuate pumzi, wazo likija aliache lipite. Nilisema kwa upole wote niliokuwa nao. Akafumba. Uani kukawa kimya, hata gramafoni ya jirani ilikuwa imepumzika. Nikaanza kufurahi. Kisha nikasikia ananitazama, nikafungua macho, na kweli alikuwa ananitazama.

"Mutoto wangu," akasema, "hii ya kunyamaza mi naijua kupita masere yako. Baba yako alikuwa anafoka, mi nanyamaza. Akakufa, bandugu yake bakakuja kuchukua ng'ombe, nikanyamaza ju bakuache ku masomo. Ukasoma, ukapata kazi, ukaanza kufoka sawa yeye, nikanyamaza. Hii tena njo dawa munataka kuniongezea?"

Nilifungua kinywa.

"Apana. Leo wewe njo utanyamaza."

Akaanza kusema. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliwataja wale ng'ombe kila mmoja kwa jina lake, na yule mwekundu wa pembe iliyopinda ambaye maziwa yake ndiyo yaliyonikuza. Alimtaja shemeji yake aliyeketi kwenye kiti cha baba kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alinieleza jinsi baba alivyokuwa akirudi, na jinsi alivyojua kwa mlio wa mlango kama siku hiyo atakula au hatakula. Kisha akafika kwangu. Aliitaja siku niliyorudi likizo na marafiki wa shule nikamkemea mbele yao kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi. Alikumbuka hata rangi ya shati. Jibu lilinipanda mpaka kwenye meno, mara nyingi sana, kwamba nilikuwa kijana, kwamba baba naye alikuwa na matatizo yake, kwamba si hivyo ilivyokuwa. Kila mara nilivuta pumzi nikalimeza. Masere alisema mawazo yatapita. Haya hayakupita hata moja, yalikaa pale kwenye mkeka yakatutazama.

Mke wangu alichungulia na sahani, akarudi ndani. Mama alisema mpaka kijiko cha mwisho kilichowahi kuibwa jikoni kwake. Alipomaliza alijifuta uso na ncha ya kitenge, akashika kisogo chake, akakibonyeza hapa na pale kama mtu anayechagua parachichi.

"Kichwa inauma bado," akasema. "Lakini sasa ni kichwa tu."